Mkulima Asiyeweza Kusubiri Hawezi Kulisha Taifa

Leo tuache kidogo nafasi za kupandia na dawa za viwavijeshi, tuongelee jambo ambalo naona vijana wengi mnaolima kibiashara mnalipita tu kama si lenu: umaskini wa jirani yako mwenye ekari mbili tatu, na chakula cha nchi hii.

Kila mwaka tunasikia taarifa ya utoshelevu wa chakula. Kwa miaka mingi sasa Tanzania imekuwa juu ya asilimia 100, maana yake tunazalisha kuliko tunavyohitaji. Mimi sibishani na hizo takwimu. Ninachobishana nacho ni yule anayezisikia akadhani kazi imeisha. Maana Januari na Februari, huku huku Nyanda za Juu Kusini tunakoitwa ghala la taifa, unakuta mtu aliyevuna gunia ishirini mwezi wa sita anapanga foleni kununua mahindi kwa debe. Huyo mtu hayuko kwenye takwimu za njaa. Yuko kwenye takwimu za wazalishaji!

Ukiniuliza umaskini wa mkulima ni nini, sitakuambia ni kukosa bati au kulala chini. Ni kukosa uwezo wa kusubiri. Mkulima mwenye uwezo anavuna mwezi wa sita anauza mwezi wa kwanza. Maskini anavuna mwezi wa sita na anauza mwezi wa sita, na wakati mwingine ameshauza mwezi wa pili mahindi yakiwa bado mabichi. Hayo mengine yote, mavuno madogo, mbegu mbovu, mashamba kuchelewa kupandwa, mengi yanaanzia hapo.

Hebu tupige hesabu. Bei ni za mfano tu, wewe weka za kwenu. Tumchukue mkulima wa ekari tatu, anapata gunia saba kwa ekari, ambayo ndiyo hali ya wakulima wengi wadogo wa mahindi. Jumla gunia 21. Familia ya watu sita au saba itakula gunia nane mpaka mavuno yajayo. Zinabaki 13 za kuuza. Akiuza wakati wa mavuno kwa 35,000 anapata 455,000. Msimu ujao akitaka kulima kama tunavyomfundisha, anahitaji mfuko mmoja wa DAP na angalau mmoja wa urea kwa kila ekari. Kwa bei ya ruzuku ya 2022 ya 70,000 kwa mfuko, mbolea peke yake ni 420,000. Anabaki na 35,000 ya mbegu, palizi, michango ya shule, matibabu, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Haiwezekani. Kwa hiyo anafanya nini? Anauza na zile gunia nane za chakula, zote au nusu yake.

Sasa gunia lile lile likifika 70,000 mwezi wa kwanza, zile 13 zingekuwa 910,000. Mbolea ya ekari tatu, mbegu bora, na bado kuna hela ya maisha. Shamba ni lile lile, mvua ile ile, na jasho lile lile. Tofauti ni miezi sita tu. Na lile gunia la chakula aliloliuza 35,000 analinunua tena kwa 70,000, yaani kila gunia moja linamgharimu mawili.

Hapo mtu ataniambia, basi si awe na nidhamu, ahifadhi! Ndugu yangu, nidhamu haimzuii mtoto kupangiwa kidato cha kwanza, wala haimzuii yule wa kausha damu kuja kukaa mlangoni. Deni la mbolea aliyokopa kwa mwenye duka linadaiwa siku trekta la kupukuchua linapoingia uani. Wanaolima kahawa Kagera wanaujua huu mchezo kwa jina la butura, kahawa inauzwa ingali mtini. Kwenye korosho kule kusini kuna kangomba. Kwenye mahindi hatuna jina moja, kila kijiji kina lake, lakini biashara ni ile ile: mnunuzi anamkuta mtu amebanwa mwezi wa pili, anampa hela kidogo, mavuno yanakuwa si yake tena.

Nikirudi shambani, hapa ndipo watu wa takwimu hawafiki. Desemba, mvua imetulia, udongo umelowa, ndiyo siku za kupanda. Mkulima huyu yuko wapi? Yuko shambani kwako wewe mwenye ekari 30, anafanya kibarua apate hela ya unga wa wiki hii. Shamba lake analipanda baada ya lako. Analipalilia baada ya lako. Na mnajua wenyewe mahindi yaliyopandwa wiki tatu baada ya mvua kutulia yanavyokuwa, na mahindi yaliyokaa na magugu mwezi mzima wa kwanza yanavyokuwa. Hakuna mbolea itakayorudisha zile wiki. Tukienda kumfanyia semina ya kupanda mapema anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Anajua kupanda mapema kuliko mimi. Hana chakula cha kumfikisha kwenye siku ya kupanda, basi.

Mbegu ni hivyo hivyo. Anachagua masuke mazuri ya chotara ya mwaka jana anarudishia shambani, na nguvu ya chotara inapotea kizazi cha pili. Mbolea mfuko mmoja anaugawa ekari tatu, kiganja huku kiganja kule. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Sisi 2015 ilitupita tukiwa mbali sana na hapo. Mara nyingi tunasema ni elimu. Elimu ipo, nimeitoa mwenyewe mpaka sauti imekauka. Kinachokosekana ni hela mwezi wa kumi na moja.

Halafu kuna hifadhi. Dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wengine walimwita Scania, aliingia nchini kutokea Amerika, akaonekana kwanza Tabora kwenye miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Ghala lisilo na dawa wala mifuko isiyopitisha hewa analigeuza unga ndani ya miezi michache. Kwa hiyo hata maskini aliyejikaza asiuze, akihifadhi vibaya anapoteza. Na ubaya zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa sumukuvu kwenye mahindi. Ukikosa turubai la kuanikia, unaanika kwenye udongo. Ukikosa nafasi ya kutenga mabovu na mazima, unakula yote, kwa sababu kutupa debe moja ni kutupa siku kadhaa za ugali.

Mnasema sasa hayo ni ya kaya moja, usalama wa chakula wa taifa unaingiaje? Twende 2021. Bei ya mahindi mwaka ule ilianguka vibaya Ruvuma, Rukwa na Songwe. Mwezi wa tatu Kenya ilikuwa imezuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio lile lilibadilishwa kuwa masharti baada ya siku chache, soko lilishatikisika. Watu waliuza chini ya shilingi 400 kwa kilo, wengine chini ya 300. Miezi michache baadaye mbolea ikapaa dunia nzima. DAP ikavuka laki moja kwa mfuko. Piga hesabu: kwa 300 kwa kilo, gunia la kilo 100 ni 30,000. Ilihitaji zaidi ya gunia tatu kununua mfuko mmoja wa DAP! Nani aliweza? Wengi walipanda bila mbolea au wakapunguza ekari. Na mvua ikawa mbaya sehemu nyingi, siwezi kusema ni bei tu. Lakini matokeo mliyaona wenyewe: mwanzoni mwa 2023 kilo ya mahindi ilivuka shilingi 1,000 kwenye masoko mengi, na watu wa mjini wakaanza kulalamika unga umepanda.

Unga wa 2023 ulianza kupanda 2021, mkulima alipouza kwa hasara. Hapo mjini hakuna aliyelalamika. Unga ulikuwa rahisi, kila mtu alifurahi.

Serikali ilileta ruzuku ya mbolea Agosti 2022, na naipongeza, ilisaidia. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilipanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, jambo ambalo miaka ya nyuma tungelicheka kama ndoto. Ila ruzuku inamkuta mkulima dukani. Inapunguza bei ya mfuko, haimpi hela ya kununulia huo mfuko kama mahindi yake yalishaondoka mwezi wa sita. Ndiyo maana unakuta mtu ana namba ya ruzuku kwenye simu na hana hela, kisha anakuja mwenye mtaji anamwomba ile namba. Mnajua ninachoongelea.

Hili si jipya. Mwaka 1974 nchi hii iliishiwa chakula, ikatumia fedha za kigeni nyingi kuagiza nafaka. Kulikuwa na ukame, na watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, yote kweli. Lakini bei aliyokuwa analipwa mkulima wa mahindi ilikuwa ndogo mno. Ikapandishwa zaidi ya mara mbili ndani ya misimu michache, mvua nayo ikarudi, na kufikia mwishoni mwa miaka ile NMC walikuwa na mahindi mengi kwenye maghala yao. Kaulimbiu hatujawahi kukosa, kuanzia Siasa ni Kilimo ya 1972 mpaka Kilimo Kwanza ya 2009. Mkulima hasomi kaulimbiu, anasoma bei.

Sasa nije kwenu wenye ekari 20, 50, 100. Kwa nini umaskini wa jirani ukuhusu?

Kwanza hilo soko unaloliona la mavuno, ni yeye anayelivunja. Watu elfu wakibanwa wiki moja na wote wakapeleka gunia zao barabarani, bei inashuka na zako pia. Viwavijeshi vamizi walioingia nchini 2017 hawajui mpaka wa shamba. Jirani akikosa hela ya dawa, wewe unapiga mara tatu.

Kubwa kuliko yote ni mipaka. Jirani akizalisha kidogo, nchi ikipungukiwa, unga ukipanda mjini, kitu gani kinafuata? Mpaka unafungwa. Ilifanyika 2011, ikafanyika Juni 2017. Ule wa 2017 naukumbuka vizuri, maana vijana ndiyo walikuwa wameanza kuingia kwenye mahindi kwa mtaji wa kukopa benki. Wakaambiwa wasage kwanza wauze unga nje. Mashine ya kusaga ya kiwango cha kuuza nje unaipata wapi ndani ya msimu mmoja? Mahindi yakakaa, bei ikaanguka, benki ikaendelea kudai. Wengine hawajarudi shambani mpaka leo, wana bodaboda.

Msimamo wangu juu ya kufunga mipaka ni huu: ni kumtoza mkulima kodi ya kulisha mji. Kama taifa linataka akiba, na ni lazima litake, linunue kwa hela yake. Tuna NFRA kwa kazi hiyo. Shida yao kubwa kwa mkulima mdogo ni kuchelewa. Kituo kikifunguliwa mwezi wa saba au wa nane, yule ninayemwongelea alishauza wa sita. Anayepeleka mzigo NFRA ni dalali, na faida ya bei nzuri ya serikali inaishia kwake. Kisha kuna unyevu usiozidi asilimia 13.5, mahindi yapembuliwe, mzigo usafirishwe mpaka kituoni, halafu usubiri malipo. Masharti ya ubora ni sahihi kabisa, siyapingi hata moja. Ila anayeweza kuyatimiza na kusubiri malipo ni yule yule ambaye hakubanwa tangu mwanzo. Ningekuwa na sauti ningesema vituo vifunguliwe mapema, viwe karibu na vijiji, na mkulima wa gunia tano alipwe siku hiyo hiyo kwenye simu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na siipuuzi. Mwalimu, mama ntilie, mtu wa bodaboda, wote wanakula ugali. Bei ikipanda wanaumia. Na hata wakulima wenyewe maskini, kama tulivyoona, ni wanunuzi wa chakula kwa miezi mitatu minne. Kwa hiyo anayesema dawa ni kupandisha bei tu, anamtetea mwenye gunia 500, hamtetei mwenye 20. Mimi sisemi mahindi yawe ghali. Nasema pengo kati ya Juni na Januari ndilo linalotumaliza, na lingepungua kama watu wengi zaidi wangeweza kukaa na mzigo wao. Mahindi mengi zaidi yangekuwa sokoni Januari, unga wa mjini usingeruka sana, na wa shambani asingeuza kwa bei ya kutupwa. Hapo mlaji na mkulima hawagombani.

Stakabadhi ghalani ilianzishwa kwa sheria ya 2005 kwa ajili ya jambo hili hili: weka mzigo ghalani, pata karatasi, kopa kwa karatasi. Kwenye korosho na ufuta imeshika. Kwenye mahindi inasuasua, na sababu moja naiona waziwazi. Korosho mkulima haili na hakuna anayefunga mpaka kwa ajili yake. Benki itakopesha vipi kwa dhamana ya mahindi ambayo tamko moja linaweza kuyakata bei nusu?

Wakati tunasubiri hayo ya juu, kuna kitu mnaweza kufanya ninyi wenyewe mavuno haya, na kina faida, si sadaka. Wengi mna maghala yanayobaki nusu tupu. Badala ya kununua gunia la jirani kwa 35,000, lipokee kwa jina lake. Mpe malipo ya awali, tuseme 20,000, atatue lililombana. Mahindi yakae kwako kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Januari yakiuzwa 70,000, unakata 20,000 yako, unakata gharama ya mfuko, ya ghala na riba mliyokubaliana, tuseme zote 12,000. Yeye anaondoka na 38,000 juu ya zile 20,000 za mwanzo, wewe umepata kazi kwa ghala lako bila kubeba hatari yote ya bei peke yako. Gunia 200 za namna hiyo ni biashara. Na utakuwa na vibarua ambao Desemba wameshapanda kwao.

Ila kuna masharti ambayo hayaruki. Mwandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji, idadi ya gunia na kilo, siyo debe. Pima kwa mizani, lumbesa ibaki huko huko kwa madalali. Andikeni pia itakuwaje bei isipopanda, maana kuna miaka haipandi na hapo ndipo watu hugombana. Na usipokee mahindi mabichi hata kama ni ya mjomba wako. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu, weka chumvi iliyokauka vizuri na mahindi kidogo, tikisa dakika mbili tatu, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Gunia moja lenye unyevu likiingia ghalani utalaumiwa kwa yote.

Na kwa wale mnaonunua mahindi yangali shambani mwezi wa pili kwa elfu kumi na tano, mimi nawafahamu na ninyi mnanifahamu. Najua si kosa kisheria kumpa mtu hela anayoihitaji. Ila mkija ofisini kwangu kulalamika kwamba vibarua wamekuwa wavivu, kwamba mpaka umefungwa na serikali haiwajali wawekezaji vijana, tutaanza maongezi na hiyo elfu kumi na tano.

Mizani za kuning'iniza zinapanda bei kila ikikaribia Juni. Anayetaka kuanza na gunia hata thelathini tu mavuno haya, anunue sasa, na apeleke kuhakikiwa na watu wa vipimo kabla hajapima mzigo wa mtu.